Breki Zipoteazo na Kurudi: Jinsi ya Kutambua Ugonjwa Uliojificha katika Lori Kuukuu

Lori ambalo breki zake zimekufa kabisa halimdanganyi mtu. Dereva hukanyaga pedali asipate kitu, akaliacha gari pale lilipo mpaka fundi aje. Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika lori ambalo breki zake hukataa asubuhi na kushika vizuri jioni. Gari la namna hiyo huendelea kupakiwa magunia, huendelea kupanda na kuteremka milima, na kila mtu anayehusika nalo hujipa moyo kwamba lililotokea juzi lilikuwa jambo la kupita tu.

Habari zake huwa ni zile zile. Dereva hutoka Kinangop na shehena ya viazi au kabeji. Katikati ya mteremko hukanyaga breki, na gari lisipunguze mwendo kama ipasavyo. Hukanyaga tena kwa nguvu zake zote, hata lori likashika na kusimama. Afikapo mjini hulipeleka kwa fundi. Fundi hukanyaga pedali uani, akaona ni sawa. Hulisogeza gari hatua kumi, likasimama. Huchungulia chini ya magurudumu, asione mafuta yaliyomwagika. Basi husema kwamba breki ni nzima, na dereva hana la kujibu. Kesho yake lori hurudi barabarani likiwa na ugonjwa ule ule.

Neno la kwanza la kushika ni hili: breki haijiponyi. Kifaa cha chuma au cha mpira kilichokosa kazi yake mara moja kitakosa tena. Kule kuja na kuondoka kwa ugonjwa si sababu ya kuusahau, bali ndiyo dalili yake iliyo bora kupita zote, kwa kuwa kila kifaa kina wakati wake wa kukosa. Pampu dhaifu hukosa injini inapozunguka polepole. Mafuta ya breki yaliyochakaa hukosa baada ya mteremko mrefu. Raba zilizolika hukosa mguu unapokanyaga taratibu. Anayejua breki zilipotea wakati gani, amekwisha kujua nusu ya sababu.

UZITO WA JAMBO HILI

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Lori lenye uzito wa tani 10 pamoja na shehena yake, likiteremka mpaka mahali palipo chini zaidi kwa mita 500, hutoa nguvu ambazo, kama zote zingegeuka joto, zingetosha kuchemsha madebe saba ya maji baridi. Injini na upepo huchukua sehemu yake. Zinazobaki hupita katika vipande vichache vya lainingi visivyozidi upana wa kiganja. Hapo ndipo uonekapo udhaifu ambao uani haukuonekana.

Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani kwenye barabara ya Nakuru na Kericho, lori lililobeba kontena liliacha njia na kuyagonga magari, wachuuzi na wasafiri waliokuwa kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walikufa. Cho chote kiwacho chanzo cha ajali, uzito wa lori ukisha kupata mwendo hauombeki wala hauna huruma. Wanaolipa si dereva peke yake, bali hata mama aliyeketi na ndizi zake sokoni.

JINSI BREKI ZINAVYOFANYA KAZI

Malori mengi kuukuu ya tani chache hutumia breki za mafuta zinazosaidiwa na busta. Mguu ukikanyaga pedali husukuma fimbo, na fimbo husukuma raba zilizomo ndani ya masta silinda. Mafuta ya breki hupita katika paipu mpaka kwenye silinda ndogo za magurudumu, nazo huvitanua viatu vya breki, ambavyo lainingi zake hubana dramu inayozunguka. Mafuta hayakubali kushindiliwa; ndiyo maana nguvu ya mguu hulifikia gurudumu.

Lakini mguu wa mtu ni dhaifu mbele ya tani 10. Kwa hiyo pana busta, nayo ni kopo kubwa la bati lenye ngozi ya mpira ndani yake. Hewa huvutwa ikatolewa upande mmoja wa ngozi hiyo, na dereva akanyagapo, hewa ya nje huruhusiwa kuingia upande wa pili na kuisukuma. Ngozi yenye upana wa sentimita 25, ikiwa pampu yake ni nzima na gari liko pwani, hupata kwa njia hiyo nguvu ya zaidi ya kilo 300.

Basi pana mambo manne: busta, masta silinda, mafuta yenyewe, na lainingi zilizo ndani ya dramu. Kila moja hukosa kwa namna yake, na mguu wa dereva ndio unaoitambua kwanza. Kwa hiyo fundi mwenye busara haanzi kwa kufungua gurudumu. Huanza kwa kumwuliza dereva pedali ilikuwaje chini ya mguu wake wakati ule breki zilipokataa.

PEDALI NGUMU KAMA JIWE

Ikiwa pedali ilikuwa ngumu, haikushuka, na lori likaendelea kwenda, basi mafuta na raba si wa kushukiwa kwanza. Kilichopotea ni msaada wa busta.

Injini ya petroli ya zamani huvuta hewa kwa nguvu, na uvutaji huo ulitosha kuihudumia busta. Injini ya dizeli haina uvutaji wa namna hiyo, na kwa hiyo huwekewa pampu yake ya kuvuta hewa. Katika malori mengi madogo ya Kijapani pampu hiyo imefungwa nyuma ya alternata na huzungushwa na mkanda mmoja nayo. Mkanda ukilegea, au mabawa ya pampu yakilika, injini ikizunguka kwa kasi pampu bado huweza kazi. Lakini gari likiwa katika msongamano, injini ikipumua polepole na dereva akikanyaga breki mara kwa mara, msaada huisha. Baada ya dakika chache za mwendo hurudi. Ndiyo sababu breki huonekana kama zina mashetani.

Pana na jambo lingine ambalo madereva wa Kenya yawafaa walijue. Nguvu ya busta yatoka katika uzito wa hewa ya nje, na hewa ya milimani ni nyepesi. Timboroa, penye kimo cha zaidi ya mita 2,700, hewa hukandamiza kwa nguvu iliyo chini kidogo ya robo tatu za ile ya Mombasa. Lori lenye pampu iliyochoka huweza kushika vizuri Mariakani na Voi, kisha likawa na pedali ngumu huko juu. Fundi wa pwani atasema ni zima, na fundi wa Eldoret atasema ni bovu, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Majaribio yake hayahitaji chombo cho chote. La kwanza: gari likiwa mahali tambarare, na magurudumu yamezuiwa kwa mawe, injini huzimwa na pedali hukanyagwa mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Kisha mguu hubaki juu ya pedali na injini hutiwa moto. Pedali ikizama kidogo, busta inafanya kazi. Isipozama, haifanyi. La pili: injini huachwa izunguke kwa dakika mbili, huzimwa, na baada ya dakika mbili nyingine pedali hukanyagwa. Busta nzima huwa imeweka akiba ya kutosha kukanyaga mara moja au mbili kwa wepesi. Pedali ikiwa ngumu tangu mara ya kwanza, basi hewa inaingia mahali: ama katika hosi, ama katika vali ya kuzuia hewa isirudi, ama katika ngozi ya busta yenyewe.

Hosi yataka kutazamwa kwa uangalifu. Huenda nje ikaonekana mpya, na ndani tabaka yake ikawa imebanduka na kuning'inia kama kizibo. Ikiwa baridi hupitisha hewa. Ikipata joto la injini hulainika, ikajikunja na kuziba. Hosi ya namna hii haitambulikani asubuhi. Hutambulikana gari likitoka safari, injini ikiwa ya moto.

PEDALI IZAMAYO POLEPOLE

Ikiwa dereva alikanyaga taratibu, na pedali ikaendelea kushuka chini ya mguu mpaka karibu na sakafu, lakini alipokanyaga tena kwa nguvu ikashika, basi wa kushukiwa ni raba za masta silinda. Raba iliyolika huyaachia mafuta yapite pembeni yake na kurudi nyuma. Ikikanyagwa kwa kishindo hutanuka na kuziba. Ikikanyagwa taratibu huvujisha. Mafuta hayo hayamwagiki nje, wala kiasi chake hakipungui katika kikopo. Yanazunguka ndani kwa ndani. Hii ndiyo sababu fundi akanyagaye kwa kishindo uani haoni kosa.

Jaribio lake ni kuweka mguu juu ya pedali kwa nguvu ndogo, kama ile ya kulizuia gari lisitambae, na kuushikilia hapo dakika nzima bila kuongeza. Jaribio hili lafaa lirudiwe gari likiwa la moto. Pedali isipokaa mahali pamoja, na pasiwe na tone lo lote la mafuta kwenye paipu wala magurudumu, masta silinda yataka kufunguliwa.

PEDALI LAINI BAADA YA MTEREMKO

Ikiwa pedali ilikuwa laini kama sifongo, ikashuka bila kushika, na hayo yakatokea chini ya mteremko mrefu, kisha baada ya nusu saa ya kupumzika breki zikarudi, basi mafuta ya breki yamechemka.

Mafuta haya yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani. Yaliyo ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka kabla ya kufikia joto la nyuzi 205 za Sentigredi. Yakisha kunywa maji kiasi cha karibu sehemu 4 katika 100, kipimo chake cha chini huwa nyuzi 140 tu. Ya DOT 4 huanza kwa nyuzi 230 na kushuka hata 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hukubali kushindiliwa. Basi mguu hushindilia mvuke badala ya kusukuma viatu. Joto likipungua, mvuke hugeuka kuwa mafuta tena, na ushahidi wote hupotea.

Dawa yake ni kuyatoa mafuta yote ya zamani na kutia mapya kila baada ya miaka miwili. Mafuta ya kopo lililokaa wazi dukani au chini ya kiti cha gari hayafai, kwa maana yamekwisha kunywa unyevu kabla ya kutumiwa. Lakini pedali ikiwa laini wakati wote, asubuhi na jioni, hapo si mvuke. Breki zimeingia upepo, na upepo hautoki mpaka utolewe.

PEDALI NZIMA, GARI HALISIMAMI

Mara nyingine pedali huwa mahali pake, imara, wala si ngumu kupita kiasi, lakini lori halishiki. Hapo kosa limo ndani ya dramu. Lainingi iliyopata joto kupita kiasi hupoteza ukali wake, na harufu ya kuungua huwafikia hata walio juu ya mzigo. Ikiwa ni baada ya kuvuka mto au mvua kubwa, lainingi zimelowa, nazo hukauka kwa kukanyaga breki kidogo kidogo gari likienda polepole. Ikiwa gari huvutia upande mmoja, yapasa kuangalia kama sili ya ekseli inavuja na kupaka lainingi oili. Lainingi iliyokunywa oili haisafishwi kwa petroli ikapona. Ikipata moto oili hutoka tena. Hubadilishwa, na sili pia.

Pamoja na hayo hapana budi kuuliza joto limetoka wapi. Huenda breki haziachi. Fimbo ya pedali isipokuwa na nafasi ndogo ya kucheza, tundu la kurudishia mafuta ndani ya masta silinda huzibwa, na viatu hubaki vikigusa dramu. Hosi ya gurudumu iliyovimba ndani huyapitisha mafuta yaendapo na kuyazuia yarudipo. Baada ya mwendo wa kilomita chache uliokwenda bila kukanyaga breki sana, matone ya maji hunyunyizwa juu ya kila dramu. Dramu ambayo maji huchemka juu yake, na wenzake hayachemki, ndiyo yenye habari.

KUUJARIBU UGONJWA MAHALI PAKE

Yafaa kila lori kuukuu liwe na daftari. Breki zikikataa, hata kwa nukta chache, dereva aandike siku ile ile: mahali, kupanda au kuteremka, shehena, injini ya moto au baridi, mwendo wa kasi au polepole, mvua au kiangazi, pedali ilikuwaje, na kukanyaga mara ya pili kulileta nini. Mistari mitatu ya namna hiyo humwongoza fundi kupita saa tatu za kubahatisha. Naye fundi aulete ugonjwa kwa kufuata hali zilizoandikwa: kama hutokea injini ikiwa ya moto, aijaribu ya moto, kama hutokea injini ikipumua polepole, aijaribu hivyo. Lakini majaribio hayo yafanywe mahali tambarare pasipo watu, wala si kwenye mteremko kamwe.

Malori makubwa yatumiayo breki za upepo yana sheria ile ile. Maji yakusanyikayo katika matangi ya upepo hayana budi kumwagwa kila siku. Dereva akanyagaye na kuachia mara nyingi katika mteremko hutumia upepo kuliko kompresa iwezavyo kuujaza, na mshale wa geji humwambia hivyo mapema kama akiutazama. Tena dramu ikipata moto hupanuka, na breki zisipokazwa sawasawa, fimbo ya kusukumia huishiwa na njia kabla viatu havijabana.

MATENGENEZO YALIYO MABAYA KULIKO UGONJWA

Pana mambo matatu yafanywayo kwa kupunguza gharama ambayo huua. La kwanza ni kuongeza oili ya injini au dizeli katika kikopo cha mafuta ya breki. Hata kiasi kidogo hulainisha na kuvimbisha raba, na breki zote huharibika. La pili ni kuziba paipu ya gurudumu livujalo ili gari lirudi kazini. Lori hilo lina breki upande mmoja tu, na likikanyagwa kwa nguvu huweza kugeuka njiani. La tatu ni kuteremka mlima kwa kutoa gia na kuweka fri ili kuokoa mafuta. Injini ndiyo breki ya kwanza ya lori. Ikitengwa na magurudumu, mzigo wote wa joto huangukia breki zilizozeeka, na tone la dizeli lililookolewa hulipiwa kwa roho za watu. Mteremko huteremkwa kwa gia ile ile ambayo ingehitajika kuupanda, na gia hiyo hutiwa juu, kabla ya kuanza kushuka.

Ikiwa, pamoja na hadhari zote, breki zikakataa njiani, dereva asizime injini, kwa kuwa pampu ya busta itakufa nayo. Apampu pedali upesi, apunguze gia moja moja, avute breki ya mkono kidogo kidogo, awashe taa na kupiga honi, na atafute mahali pa kupanda au ukingo wa udongo. Akisha kusimama asiendelee na safari, hata kama breki zitaonekana zimerudi.

Sheria ya Kenya yataka magari ya biashara yakaguliwe kila mwaka. Ukaguzi huo ni wa lazima na una faida, lakini mkaguzi huliona lori siku moja, na ugonjwa uendao na kurudi huenda siku hiyo usiwepo. Siku nyingine zote mkaguzi ni dereva mwenyewe. Naye mwenye lori, asikiapo dereva wake akisema kwamba breki zilipotea kidogo kisha zikarudi, asimwite mwoga wala mvivu. Dereva huyo amemletea habari iliyo na thamani kuliko shehena yote iliyomo garini, na jawabu lake ni moja: magunia yashushwe, na fundi aitwe leo.